Benki yangu chini ya kitanda, na walioitoboa

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko barazani huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande wa mlima ambako nyumba zimebebana migongoni na ukuta wa mbao wa jirani ndio ukuta wangu. Sikusoma kilimo. Ninachojua kuhusu wadudu nimekijua kwa kulipa, na malipo ya kwanza yalikuwa maharage.

Januari 2025, mavuno ya msimu wa kwanza yaliposhuka kutoka Kabare na Walungu na bei ikalegea, nilichukua pesa zote za nguo za Noeli na Bonane (Mwaka Mpya) nikanunua magunia mawili ya kilo 100. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: moja tule, moja niuze Aprili na Mei watu wakisubiri mavuno ya Juni. Halafu ikaja Februari. Wa Bukavu wanaijua, wengine mliisikia redioni. Katikati ya mwezi mji ulibadilisha mikono, waasi wa M23 wakauchukua, benki zikafunga milango, na wateja wenye pesa zao huko ndani wakawa wanakuja barazani kuniomba niwashonee kwanza, watalipa baadaye. Mimi nililala juu ya magunia yangu kama tajiri. Nilimwambia mume wangu, sisi benki yetu iko chini ya kitanda, haina mlango wa kufungwa.

Kumbe ilikuwa na milango. Maelfu, yote ya duara, kila mmoja kama kichwa cha pini ya kushonea.

Mwishoni mwa Machi niliingiza mkono kwenye gunia kutoa ya kupika. Gunia lilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtoto mwenye homa. Nikautoa mkono, umejaa unga mweupe mpaka kwenye kifundo, na juu ya unga huo vitu vidogo vinatembea kuelekea kiwiko bila haraka yoyote, kama watu wanaotoka misa. Nililivuta gunia mpaka mlangoni kwenye mwanga. Karibu kila harage la tatu lilikuwa na tundu. Mengine yalikuwa na matundu matano, sita, yamebaki ganda tupu. Ukilibonyeza linavunjika kama ganda la yai.

Nikae hapa kidogo, maana ndipo wengi tunapokosea. Tunaona kidudu kwenye chakula, tunakiita kidudu, tunaenda kununua dawa ya kidudu. Nami nilifanya hivyo hivyo, nitawaeleza yaliyonipata. Lakini baadaye, hasira zilipotulia, nilimweka mmoja juu ya mita yangu ya kupimia nguo nikamtazama kama ninavyotazama mshono wa fundi mwingine. Urefu, milimita 4 hivi. Rangi ya kijivu yenye kahawia, na vinyweleo vya mahameli iliyochakaa. Mabawa yake mafupi, koti lisilofika kiunoni, makalio yako nje. Na hana pua. Hilo la pua lishikeni. Yule fukusi wa mahindi, mweusi mweusi, ana pua ndefu kama mkonga wa tembo, na anakula punje mwenyewe akiwa mkubwa. Huyu wa maharage akishakuwa mkubwa hali maharage kabisa. Anatoka, anatafuta mwenzake, anataga, anakufa. Wanaokula ni watoto wake, na wanakulia ndani, huwaoni.

Chukua harage linaloonekana zima uligeuze taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona kiduara kama doa la mafuta, chenye ngozi nyembamba ambayo haijatoboka, jua kuna mpangaji. Mtoto amekula mpaka akafika chini ya ganda, akaacha ngozi nyembamba kama pazia, akarudi nyuma kujigeuza mkubwa. Siku ya kuhama anasukuma tu pazia. Nililipasua moja kwa wembe wa kufumulia nyuzi, nikamkuta amejikunja, mweupe, mnene, hana habari na mimi.

Sasa jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua Januari. Mayai ya huyu wetu hayashiki kwenye harage. Mama yake anayamwaga ovyo katikati ya maharage, yanateleza yanashuka chini ya gunia. Ukichekecha, mengi yanaanguka. Kuna aina nyingine inayopenda joto, ile inagandisha mayai juu ya ganda lenyewe kama vishikizo vidogo vyeupe, na kuchekecha hakuitishi. Hiyo ni ya kuangalia zaidi ukiweka maharage Uvira, kule chini kwenye Tanganyika. Na joto lenyewe lina neno lake. Huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, tangu yai mpaka mdudu mkubwa ni kama miezi miwili. Kwenye joto ni kama mwezi. Nilinunua katikati ya Januari, nikafungua mwishoni mwa Machi. Hesabu inakubali: nilichokiona kilikuwa kizazi kilichotagwa humo humo chini ya kitanda changu, nikiwa nimelala juu yake.

Sokoni kuna mtu anauza dawa za kila kitu, za panya, za kunguni, za jino. Nilimwambia maharage yanaliwa. Hakuuliza yako wapi wala nalala wapi. Akanifungia kwenye kipande cha karatasi vidonge vinne vya rangi ya kijivu, havina jina, havina maandishi. "Weka katikati ya gunia, funga vizuri, usifungue siku tatu. Hata nzi hatabaki."

Niliviweka vyote vinne kwenye gunia lililoumia zaidi. Nikalifunga. Nikalisukuma mahali pake, chini ya kitanda. Chumba chetu ni kimoja na nusu. Tunalala watu watano.

Usiku, kama saa saba, mdogo wangu wa mwisho aliamka akalia kichwa, kisha akatapika. Mume wangu alikuwa anakohoa tangu saa tano, nikadhani ni moshi wa makala (makaa). Chumba kilikuwa na harufu ya vitunguu saumu na samaki aliyeoza, na sisi siku hiyo tulikuwa tumekula sombe, majani ya muhogo. Nilimpigia kaka yangu, ambaye ni muuguzi. Nilipomweleza kuhusu vile vidonge hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Tokeni nje wote. Sasa hivi. Acha mlango wazi. Msiguse gunia, msimwage maji juu yake."

Nilitaka kweli kumwaga maji, kama mtu anavyozima moto. Ndiyo ingekuwa kutumaliza. Vidonge vile havifanyi kazi kwa kulambwa na mdudu. Vikipata unyevunyevu wa hewa vinatoa gesi, na gesi ndiyo inayoua, mdudu na mtu bila kubagua. Vimetengenezwa kwa ghala linalofungwa, lisilo na mtu ndani, na mtu aliyefundishwa ndiye anayelifungua. Mwilini hakuna dawa ya kuiondoa. Hospitalini wanakusaidia kupumua na kuulinda moyo, basi. Tulikaa barazani tumejifunika vitenge mpaka kukakucha, mtoto tukamfikisha kituo cha afya, akashinda pale siku nzima chini ya macho yao, akarudi jioni anadai beignet. Namshukuru Mungu kila nikimwona anakimbia. Kukipambazuka mume wangu na vijana wawili walilitoa gunia likiwa limefungwa, wakaliburuta mpaka mbali na nyumba, na lile gunia sikuthubutu kulipika wala kuliuza. Mtu mmoja alikuja kuniomba nimuuzie nusu bei "tuoshe tu". Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulilizika. Wiki mbili baadaye, pembeni mwa shimo, machache yalikuwa yameota, yana afya kabisa, yananicheka.

Mama mkwe alishuka kutoka Walungu kuja kumwona mjukuu. Alinikuta nachambua gunia la pili barazani, natupa mabovu kwenye ndoo, machozi yanataka kutoka. Akaketi, akachota kiganja, akanusa, akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani:

"Mwanangu, maharagi haifungwe na kulala juu yake. Maharagi inatembezwa."

Nilidhani ni methali. Haikuwa methali. Kwake maharage ya kula yanakaa kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, na vibuyu vikubwa, nusu tu, na kila asubuhi na kila jioni mtu anaviringisha kila kimoja mara kadhaa, anakirudisha mahali pake. Watoto ndio wafanyakazi. Tangu aolewe anafanya hivyo. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa sababu mama mkwe wake alifanya hivyo, jibu ambalo kwa mtu wa mjini halitoshi. Sababu yenyewe nilikuja kuipata kwa agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo anayeshona suruali zake kwangu, na ni nzuri mno kuinyima mtu.

Mtoto wa fukusi akitoka kwenye yai ni mdogo kuliko ncha ya sindano, na ganda la harage kavu kwake ni ukuta wa saruji. Ili alitoboe lazima ajikaze: mgongo anauegemeza kwenye harage la pili, meno anayaweka kwenye la kwanza, anasukuma. Inamchukua saa nyingi, karibu siku nzima. Sasa ukiviringisha bidoni, lile harage la mgongoni linaondoka. Amepoteza egemeo lake na tundu lake. Anaanza upya. Jioni unaviringisha tena. Anaanza upya. Hana akiba ya nguvu, chakula kiko upande wa pili wa ukuta, anakufa kwa uchovu na njaa juu ya mlima wa maharage. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu kwenye cherehani kama mwendawazimu. Gramu ngapi za sumu? Hakuna. Ni kumsumbua tu asitulie.

Waliokwisha kuingia ndani hawatakufa kwa kuviringishwa. Watakua, watatoka, utawaona, usikate tamaa: unachozuia ni watoto wao. Ndiyo maana unaanza siku ile ile maharage yanapofika nyumbani. Ukisubiri mpaka uone unga, wewe umechelewa.

Lile gunia la pili nililitoa kilo 61 za kula. Nyingine 39 zilikuwa matundu, unga na wadudu. Yaliyotobolewa kidogo tuliyala wenyewe: unayamwaga kwenye maji, yanayoelea unayatoa, yaliyozama unayaloweka na kuyapika. Ladha inapungua, sitawadanganya. Watoto walilalamika, nikawaambia ni nyama.

Julai, mavuno ya pili yalipokuwa yameingia na kiangazi kimekauka vizuri, nilirudi kununua. Safari hii sikuchukua gunia lililoshonwa. Nilipima kwa Guigoz, lile kopo la maziwa ya unga, kopo kwa kopo, na kila baada ya machache nilikuwa nageuza kiganja kwenye mwanga kutafuta yale madoa ya mafuta. Muuzaji alininunia. "Mama, unanunua maharagi ama unanunua dhahabu?" Nikamwambia mwaka huu ni kitu kimoja.

Maana hili ndilo nililochelewa kuelewa: wale wadudu hawakuingia kwangu kwa mlango. Niliwaleta, kwa motari wa pikipiki, kwa pesa yangu. Fukusi wa maharage anaanza kazi shambani. Ganda likishakauka kwenye mti na kupasuka kidogo, mama anaingiza mayai yake mle. Mkulima anayeacha maharage yakauke kupita kiasi yakiwa bado yamesimama anayavuna pamoja na wageni. Mama mkwe anayang'oa ganda likigeuka manjano tu, anamalizia kuyakausha uani.

Nyumbani nimeyagawa. Ya kula karibuni yako kwenye bidoni mbili za lita 20, kila moja nusu, zinaviringishwa asubuhi kabla ya shule na saa kumi na moja jioni. Ya kuuza na ya kukaa muda mrefu yako kwenye bidoni nyingine zilizojaa mpaka shingoni, kizibo kimekazwa juu ya kipande cha nailoni, na hizo hazifunguliwi kabisa. Hapo kanuni ni kinyume. Wadudu waliomo wanapumua hewa ile ndogo iliyobaki mpaka iishe, kisha wanakufa. Ukiacha nafasi ya hewa juu, umewawekea akiba. Ukifungua kila siku kuchota kikombe, umewaletea mpya. Watu wanachanganya njia hizi mbili, wanaviringisha bidoni iliyojaa ambayo humo ndani hakuna kinachotembea, au wanafunga vizuri bidoni iliyo nusu, halafu wanasema uongo wa agronomu. Sijui nani aliwaambia wachanganye.

Na kabla ya kufunga lazima yawe makavu kweli, la sivyo utafungua ukute ukungu. Kipimo changu ni chumvi: chumvi kavu vijiko viwili kwenye chupa kavu ya kioo, juu yake maharage, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana maji. Ikianguka chini yote, funga. Majivu nayo yanasaidia, wengi wa zamani wanayatumia, ila yanataka kiasi kikubwa, na mimi kuosha majivu kwa maji ya kubeba kichwani kutoka chini ya mlima, hapana.

Nikishaelewa hilo la kuleta mwenyewe, nilianza kuwaangalia wengine wote kwa jicho hilo. Kunguni, kwa mfano. Kila mtu Kadutu atakuambia kunguni wametoka kwa jirani. Inawezekana, mbao zetu zina nyufa na kunguni ni bapa kama mbegu ya tofaa, anapita popote kadi ya simu inapopita. Lakini wangu niliwanunua. Ilikuwa kiti cha mkono wa pili, kizuri, kina mito ya kijani, nilikipata kwa bei ambayo ingepaswa kunitisha. Wiki tatu baadaye watoto wana vipele vitatu vitatu kwa mstari shingoni na mikononi, na shuka lina vidoadoa vya kahawia kama mtu amegusa kwa kalamu. Mbu hauachi doa kwenye shuka. Ukiona doa, geuza kitanda: angalia kwenye maungio ya mbao, chini ya chaga, kwenye mshono wa godoro. Utawaona wenyewe na magamba yao, maana anajivua ngozi mara tano mpaka awe mkubwa na kila mara lazima anywe damu kwanza.

Hapa ufundi wangu ulinisaidia. Kunguni wengi siku hizi hawajali dawa za kupuliza, wamezizoea. Unapuliza, wanahama kwenda ukuta wa pili, unakuwa umewatawanya. Ila joto hawajalizoea. Nina pasi ya makala. Nilichukua siku moja nzima bila kushona, nikapiga pasi mishono yote ya godoro taratibu sana, kitambaa kibichi kidogo kikiwa katikati ili mvuke uingie, nikiisogeza pasi kama mtu anayepiga kola ya bwana harusi. Vyandarua, shuka na nguo zote zilichemshwa. Maungio ya kitanda niliyamwagia maji yanayotokota, birika baada ya birika, mume wangu akiyafungua kwa nyundo. Kisha kitanda kikasogezwa mbali na ukuta na kila mguu ukasimama kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Siku ya kumi nikarudia yote, kwa sababu mayai yamegandishwa kwenye nyufa na yanaanguliwa baada ya wiki moja hivi. Wiki ya tatu nikarudia tena. Wanaoacha baada ya mara ya kwanza ndio wanaosema kunguni hawaishi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, anakungoja tu.

Kile kiti nilikichoma. Nilikichoma mbali, kule chini kwenye wazi. Msithubutu kutumia petroli au mafuta ya taa ndani ya nyumba za mbao kwa ajili ya kunguni. Mitaa yetu imeshaungua vya kutosha kwa sababu ndogo kuliko hizo.

Panya wangu walikuwa na sababu yao, nayo ilikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa natundika sambaza kavu kwenye mfuko juu ya dari nikidhani nimewakomesha, wakati panya wa humu ni yule mweusi anayepanda vitu, kamba kwake ni ngazi. Kinyesi chake ni kirefu chenye ncha, karibu sentimita moja. Kile kidogo kama punje ya mchele ni cha kipanya, na mtego wake ni mwingine, mdogo. Ukutani panya anaacha mstari mweusi wa mafuta ya mwili kwa kupita njia moja kila siku. Mtego uweke hapo, ubavuni mwa ukuta, si katikati ya chumba, na usiku wa kwanza na wa pili usiutege, weka karanga tu azoee. Sumu nilikwisha kuapa, na zaidi ya hapo panya aliyekula sumu anaenda kufia mahali ambapo huwezi kumfikia, na utajua amekufa. Paka nimefuga watatu. Wa tatu alipotea Desemba, na sitaki kujua alisherehekea Noeli kwenye sufuria ya nani.

Mende sina mengi. Yule mkubwa mwekundu ametoka kwenye choo na mtaro, mfungie njia. Yule mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa ndiye balaa, anakaa jikoni, jike anabeba kifuko chenye mayai 30 na zaidi mpaka karibu yaanguliwe. Aliingia kwangu ndani ya katoni ya sabuni. Katoni sasa hazilali ndani. Sukari na unga wa asidi boriki kutoka duka la dawa, kidogo, kwenye nyufa ambazo mtoto hafiki, na vyombo visilale vichafu. Inachukua wiki kadhaa.

Na siafu? Walungu, siafu wakiingia nyumbani, mama mkwe anawatoa watoto, anafunga kuku mbali, anakaa chini ya mgomba anangoja. Wanapita saa kadhaa, wanaondoka na mende, kunguni, mayai yao, hata vitoto vya panya. "Wanafanya kazi bila kulipwa," anasema. Mjini hawafiki mara nyingi, na majirani zangu wangewamwagia mafuta ya taa kabla hawajamaliza chumba cha kwanza.

Kule shambani kwake nilikwenda Novemba kusaidia palizi. Mahindi yalikuwa na viwavi kwenye moyo wa mche, majani yamechanika na kinyesi chao kama pumba za mbao kimejaa kooni mwa mmea. Alinionyesha mmoja kwenye kiganja: usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamepangwa mraba. Huyo ni mgeni, ametoka Amerika, Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, na wazee hawana jina lake la zamani. Tulipita mstari kwa mstari asubuhi mapema, tunaponda mayai chini ya majani, yamefunikwa na manyoya kama ukungu, na kutia majivu na udongo mkavu kwenye koo la mche ulioliwa. Kazi ya mgongo. Nilimuuliza kama kuna cha kuviringisha hapa. Akasema hakuna, inama.

Watoto wangu sasa wamegawana bidoni. Wa mwisho, yule yule wa vidonge, anaviringisha yake kwa mguu mmoja huku anasoma somo, kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani na kurudi, na maharage ndani yanapiga kelele za mvua kwenye bati. Jirani wa ukutani alilalamika mwezi mzima. Juzi jioni zetu zilikuwa zimeshatulia, nashona ukosi, nikasikia upande wa pili wa mbao: grrr, mpaka mwisho wa chumba chake, kimya kidogo, kisha grrr, kurudi.